Pampu ya Kushoto

Kila asubuhi Mama Akeza alikuwa anafika ku mulango yangu na fulari yake ya kichwa mukononi, anainamisha kichwa, na mi namufungia. Hatukuwa tunasema mingi. Mi nilikuwa bado na usingizi, yeye pia, na ukungu ya Dzaleka, hii kambi yetu ya bakimbizi mu Malawi, ilikuwa inapita polepole katikati ya manyumba, inafunika mabati, inafunika mafiga, mpaka unasikia mutu anakohoa na haujui iko upande gani. Nazungusha kitambala mara mbili, nakaza nyuma, naficha ncha. Anasema aksanti, anaenda ku presi yake ya mafuta, na mi narudi kuchemsha chai.

Jina lake ni Gloriose, lakini hapa hakuna mwenye anamuita vile. Mutoto wake wa kwanza ni Akeza, basi yeye ni Mama Akeza na bwana yake ni Papa Akeza. Na mi, juu ya Christian, mutoto wetu mi na bwana yangu, ni Mama Christian. Bo bote bawili ni Barundi ba Rumonge, kule kwa mawese. Mi niko wa Bukavu, Jeannette, fundi wa kushona. Nusu ya kwaya za hapa zinaimba mu nguo zenye zilipita ku cherehani yangu. Bantu banasema mudomo yangu haina kufuli. Ni kweli, na sijaona bado hasara yake.

Sasa, juu ya nini mwanamuke muzima afungiwe fulari? Ni bega. Miaka kumi na moja alikuwa anakamua mafuta ya karanga kwa mikono. Anakaanga, anatwanga, anajaza mu debe ya chuma yenye matundu, halafu anakamata mutalimbo murefu kuliko yeye mwenyewe na anajitundika pale na uzito yake yote, mpaka mafuta inaanza kushuka, uzi mwembamba wa manjano. Harufu yake ilikuwa inafika mpaka ku barabara. Mwenye kuzaa anatuma kuchukua mafuta kwa Mama Akeza, mwenye kufiwa anatuma, hata Bamalawi ba vijiji vya karibu banakuja na machupa yao. Hakuna hata mumoja alikuwa anauliza ile bega inasema nini.

Mwezi wa kumi na moja mukono ya kuume ikakataa kupanda kupita kifua. Nilimusindikiza Lilongwe, ku kliniki, na muguuzi mumoja, mama mupole, akaushika ule mukono, akauzungusha, akaurudisha pole ku magoti ya Mama Akeza. Mi njo nilikuwa natafsiri. Akasema: akivuta ile chuma musimu mumoja tena, huu mukono hautapanda tena maisha yake yote. Si kwa dawa, si kwa kisu.

Tulitoka inje, tukakaa ku kivuli ya ukuta. Nilingojea alie. Hakulia.

"Karanga mpya zitafika mwezi wa ine," akasema. "Nitakamua."

"We iko na kichwa ya mbuzi!" Nilikasirika mpaka bapita njia bakageuka. "Haukusikia?"

"Nilisikia. Nikiacha kukamua, mi ni nani hapa, Mama Christian? Namba mu karatasi."

Tulirudi nyumbani, na kesho yake asubuhi nikamufungia fulari kama kawaida.

Bon. Bwana yake sasa. Havyarimana ni murefu, mwembamba, na zamani, mu tambarare ya Imbo kule Burundi, alikuwa anaendesha trekta ya shamba na kuitengeneza mwenyewe. Ni mutu wa ndoto, na sisemi ndoto za usiku. Anasimama katikati ya njia macho wazi, mbuzi zinamuzunguka zinapita, na yeye haoni. Unamutuma maji, anarudi na kipande ya chuma. Nilikuwaga nasema huyu mwanaume, siku Mungu anamuumba, Mungu mwenyewe alikuwa anasinzia. Nilikuwa nasema mbele yake, na alikuwa anacheka kwa sauti ya chini, kisha anasahau kenye kilimuchekesha.

Siku ya tatu toka asikie neno ya muguuzi, nilitoka kuchota maji, nikarudi nikamukuta anachora ku meza yangu ya kukatia, na chaki yangu!

"Papa Akeza! Ni meza ya nguo za bantu!"

"Chuma haichokaki, Mama Christian," akasema bila kuinua macho. "Bega njo inachoka."

Akanielezea, na sauti yake ilikuwa kama ya mutu mwenye anaangalia kitu iko mbali. Kule Lilongwe, Nsungwi, mu Area 25, alikuwa amelimia muzee mumoja Mumalawi, a Kachingwe, ile "a" ni heshima ya Bamalawi. Nyuma ya mahindi ya ule muzee kulikuwa trekta ya zamani. Kuku ilikuwa inatagia ku kiti. Giaboksi ilikufa, meno yote yalisagika. Kwa kawaida nguvu ya trekta inapita mu giaboksi, inatokea nyuma, na pale njo bakulima banafungaga mashine zao. Basi bantu bote balikuwa banaona chuma ya kuuza kwa kilo. Yeye alifungua kifuniko, akaweka mukono ku injini, akajua ingali nzima.

"Nyuma imekufa," akasema, "lakini mbele inaishi. Angalia." Na chaki akachora krenki, ule mutalimbo mzito wa kujikunja-kunja mule ndani ya injini, wenye pistoni zinauzungusha. Kule Bukavu mafundi banaitaga vilebreke. Pua yake inatokea mbele, karibu na feni, na injini ikiwaka ile pua inazunguka tu, haiombi giaboksi ruhusa. "Nikifunga pampu pale ku pua, pampu itasukuma oili mu mupira. Oili itasukuma jeki, jeki kubwa kama za kuinua lori ya muchanga. Na jeki itakanyaga karanga."

"Na Mama Akeza?"

"Atashika kamukono kadogo. Na vidole viwili." Akanionyesha vile vidole.

Nilikuwa na kitambala mukononi tayari kwa kupangusa meza. Nilikiweka chini. Ile picha ilibaki pale juma nzima, na nguo za bantu nikazikatia ku pembe ya meza.

A Kachingwe hakuwa mugumu. Trekta ilikuwa ya marehemu baba yake. Akasema, "Tengani," chukueni, na akaomba kitu kimoja tu: siku itakapolia, aisikie. Lori yenye ilikuwa inarudi huku kwetu Dowa bure, bila muzigo, ikaifunga na mnyororo, ikaivuta, na Papa Akeza akakaa juu kushika usukani.

Ile safari hakuacha kunihadithia. Ilikuwa mwezi wa kwanza, manyunyu, mahindi pande zote mbili yanafika mabegani. Injini kimya, magurudumu yanazunguka yenyewe, na yeye juu, analowa polepole. Banamuke balikuwa banainuka mu mashamba banamuangalia, anabapungia. Kisha, akasema, mwaka ulimupotea. Akaona mahindi ni pamba ya Imbo. Akajua kwamba pale mbele, ku kona, Mama Akeza anamungojea na chakula, msichana bado, fulari nyekundu, mikono yote miwili juu anashika kikapo ku kichwa.

"Sikushituka," akaniambia. "Nilijua nitaamka. Lakini nikasema, acha kwanza."

Sikumucheka siku ile. Nilienda ndani nikajifanya natafuta sindano.

Pampu aliitafuta Mtandire, mutaa wa Lilongwe, kwa muuza vyuma mumoja. Kulikuwa mbili, zinakaa pamoja ku ubao, sura moja, na mushale umepigwa mu chuma ya kila moja: huu unazunguka kuume, ule unazunguka kushoto. Ule muuza akamuuliza, unataka gani? Sasa huyu mutu wa ndoto alikuwa amejitayarisha. Alikuwa amesimama mbele ya trekta, uso kwa uso na feni, akaizungusha kidogo na stata bila kuiwasha, akaangalia injini inaenda wapi. Kuume, kama mishale ya saa. Akazigeuza zile pampu zimuangalie, akaangalia mishale, akachukua ya kuume. Muuza akataka kumuelezea kitu. Papa Akeza akamukata: "Najua kazi yangu." Kuuliza si ujinga, bantu banasema, lakini jaribu kumuambia vile fundi wa zamani wa Imbo.

Mwezi wa pili wote, mvua ikipiga mabati, alikuwa kule nyuma ya nyumba yao chini ya turubai. Alitengeneza sahani mbili za chuma, moja ku krenki, moja ku pampu, na katikati akaweka duara ya mupira alikata ku tairi ya lori, ili mutetemo uishie pale. Aliweka kavalvu ka kupunguza nguvu, ili oili ikizidi irudi mu tanki, isipasue mupira na kuua mutu. Kuona kama pampu na krenki zinasimama mustari moja, alikuja kuniomba uzi. Nilimupa uzi ya kushonea suti, ya nguvu. Aliivuta kutoka pua ya krenki mpaka ku pampu, akapiga magoti, akaiangalia jicho moja limefungwa, muda murefu mpaka nikafikiri amelala. Na Mama Akeza alikuwa anapita na ndoo mukono ya kushoto, haangalii, haulizi. Aliogopa kutumaini. Hakuniambia, lakini nilijua, juu mi pia niliogopa.

Tukawasha siku ya posho moja, ni kusema jumamosi, katikati ya mwezi wa tatu. Ile sauti, Mama yangu! Ilipanda mu miguu. Bantu bakatoka mu manyumba, Noël mwalimu wa kwaya akaja na vitabu vya nyimbo mukononi, na Papa Akeza akasukuma kamukono kadogo.

Jeki haikusogea. Akasukuma tena. Kukasikika kitu inafyonya, halafu shingo ya pampu, pale inafungwa ku injini, ikatema oili, fyaa, ku suruali yake, ku udongo, ku vitabu vya Noël. Akazima. Bantu bakaanza kuondoka mumoja mumoja, kwa heshima, kama banaondoka ku matanga.

Mama Akeza alienda ndani, akatoka na kitambala, akachukua ule mutalimbo murefu, akaupangusa kutu toka juu mpaka chini na mukono ya kushoto, akauegemeza ku ukuta. Alikuwa anautayarisha. Nilitaka kuuchukua nikautupe mu choo.

Papa Akeza alifungua pampu, akaona mupira wa shingoni umepasuka, akatafuta mwingine, akafunga. Ikatema tena. "Injini inazunguka kuume," alikuwa anasema, kwangu, kwa ukuta, kwa mbuzi. "Pampu ni ya kuume. Shida iko wapi?" Aliacha kula vizuri. Na karanga mpya zikafika: magunia mawili ku kabaza, baiskeli ya kubebea, siku ya ine ya juma jioni. Mama Akeza akazipima kwa macho na akasema siku ya kwanza ya juma ijayo ataanza.

Siku ya tano nilikuwa napima Noël nguo ya Pasaka. Papa Akeza alikuja akakaa ku kizingiti yangu na pampu ku magoti, anaigeuza, anaigeuza, hasemi bonjour. Mi nikamufunga Noël kauzi kekundu ku mukono ya kuume.

"Mama Christian," Noël akasema, "huu uzi unaufungaga kila mutu. Ni dawa ya nini?"

"Ni dawa ya kuona haya," nikamujibu. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilishona nguo za kwaya nzima, bantu makumi tatu, na musalaba ku kifua, upande ya moyo. Nilikuwa nachora na kliente mbele yangu, uso kwa uso. Kushoto kwangu nikaona ni kushoto kwake. Noeli ikafika, bakasimama mbele ya kanisa, musalaba wote makumi tatu upande ya kuume, na pasta akasahau mahubiri! Toka siku ile, kliente akisimama kuniangalia, namufunga kwanza uzi ku kuume yake, juu kuume ya mutu mwenye anakuangalia iko ku kushoto yako. Noël akacheka mpaka nikashindwa kupima kiuno. Na pale ku kizingiti, sauti ya chini ya Papa Akeza ikaendelea: kuume, kuume.

Sindano ikanisimama mukononi.

"Papa Akeza. Uliangalia uso ya injini, ukaona inaenda kuume. Si njo vile?"

"Njo vile."

"Ukaangalia uso ya pampu, ukaona mushale unaenda kuume."

"Nakwambia kila siku!"

"Kisha ukazifunga namna gani? Pampu inaangalia wapi?"

"Inaangalia injini."

"Basi zinaangaliana. Kama mi na Noël."

Nilichukua bobini ya uzi, nikaipitisha ku kalamu, nikaishika katikati yetu. Nikaizungusha. "Mi naona inaenda kuume. We?"

Aliangalia. Sijaona mutu akiangalia bobini vile. "Kushoto," akasema. Kisha, kwa sauti yenye sikuijua: "Mi naona kushoto. Na pampu pia."

Aliinuka, akaacha kofia yake, akaacha mulango wazi, akaenda. Noël akaniuliza kama shughuli ya kiuno imeisha.

Kesho yake alifika Mtandire asubuhi. Ile ingine ilikuwa ingali pale ku ubao, peke yake, na vumbi. Ule muuza hata hakucheka. Alisema toka mwaka jana hakuna mutu ameulizia ya kushoto. Bakabadilishana. Siku ya Mungu Papa Akeza hakugusa chuma, alienda ku misa akaomba mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Na siku ya kwanza, giza bado, nikasikia funguo zake, zile spana, zinagonga kule nyuma.

Mama Akeza akaja na fulari. Mutalimbo alikuwa ameshautoa ku ukuta, niliuona umelala karibu na debe. Nikazungusha kitambala, nikakaza, nikafungua.

"Imekaa vibaya," nikasema.

Nikaanza tena polepole. Nikaficha ncha, nikaitoa. Nikasema kitambala kinateleza. Kule nyuma funguo zinagonga, zinanyamaza, zinagonga. Nikafungua mara ya tatu.

"Mama Christian, leo unanifunga kama bibi arusi?"

"Tulia. Kwani karanga zina miguu?"

Ukungu ilikuwa nzito, hatukuonana hata na jirani. Na mu ile ukungu injini ikawaka. Ilikohoa, ikajishika, ikaanza kunguruma polepole, sauti moja tu, nzito na tulivu. Tulienda pamoja, fulari nusu imefungwa.

Papa Akeza alikuwa anasimama karibu na ile kamukono kadogo, oili mpaka ku nyusi. Debe imejaa karanga za moto, alizikaanga mwenyewe, vibaya, nusu zimeungua. Akachukua mukono ya kuume ya bibi yake, ule mugonjwa, akaweka vidole viwili pale, chini, karibu na kiuno.

"Sukuma."

Akasukuma. Jeki ikashuka. Ilishuka pole, bila haraka, ikafika ku karanga, na injini ikabadilisha sauti kidogo, kama mutu anabeba muzigo ku mugongo. Shingo ya pampu ilikuwa kavu, nilikuwa naiangalia hiyo tu. Kisha harufu. Kisha mafuta, matundu yote pamoja.

"Mana yanje we!" Mama Akeza akamuita Mungu kwa Kirundi, kwa sauti, machozi yanashuka mpaka ku kidevu. "Na mi sasa nifanye nini na mikono?"

"Ipumzishe," bwana yake akasema.

Akatoa telefoni, akaita a Kachingwe kule Nsungwi, na badala ya kusema akainyoosha tu ku injini. Muda murefu. Alipoirudisha ku sikio tukasikia a Kachingwe kule: "Zikomo. Zikomo kwambiri." Aksanti, aksanti sana. Mutalimbo njo tulifanya nguzo ya kamba ya nguo, na mi njo niliuchimbia.

Asubuhi ziliendelea, na mi nikaendelea kumufungia. Mwezi wa tano mukono ukafika ku kidevu. Kisha ku sikio. Pang'ono pang'ono, Bamalawi banasema, kidogo kidogo. Nilikuwa nalala nasikia ile injini mu usingizi, hata siku zenye haikuwashwa, na mu usingizi nilikuwa natabasamu, bwana yangu njo aliniambia.

Halafu asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi, manyunyu, nikafungua mulango na mikono tayari juu, kwa mazoea. Mama Akeza alikuwa pale. Fulari ilikuwa ku kichwa yake, imefungwa. Imepinda, ncha moja inaning'inia ku shingo.

Nilifurahi. Na nilisikia wivu pia, nasema ukweli, wivu na huzuni ya kijinga, na mikono yangu ikabaki hewani haijui kwa kwenda.

"Imepinda," nikasema.

"Najua."

"Niifungue nikufunge vizuri?"

"Hapana." Alikuwa na fulari ingine mukononi, mpya, ya buluu, bado na mikunjo ya duka. Akainua mukono ya kuume, ukapita kidevu, ukapita sikio, akasaga meno kidogo, ukapita.

"Mama Christian," akasema, "inamisha kichwa."

Nikainamisha. Alikaza sana, iliniuma kidogo, na sikumuambia.